Meneja Akipanda Lori, Inayopimwa ni Ofisi

Lori la kusambaza bidhaa likirudi Tabora mjini usiku, ofisi huwa imeshafungwa. Kesho yake asubuhi dereva anamkabidhi karani ankara zilizosainiwa na wenye maduka, nakala za risiti za mashine ya kodi (EFD), fedha taslimu na orodha ya malipo yaliyoingia kwa simu. Karani anajumlisha, kisha anakwenda kuangalia kipimo cha mafuta. Hesabu ikifungana, safari imekwenda vizuri. Isipofungana, dereva ana shoti, na shoti hiyo itaandikwa kwa jina lake peke yake. Katika karatasi zote hizo hakuna mstari unaoeleza kwa nini gari lilisimama Usoke karibu saa nzima, kwa nini mama mwenye duka Kaliua alipokea katoni 6 badala ya 10, wala kwa nini utingo amerudi na bega limevimba.

Kwa karatasi hizo watu wanakatwa mishahara, wanahamishwa ruti, wanafukuzwa kazi. Nimefanya kazi karibu na maghala ya jumla ya mji huu kwa muda wa kutosha kujua kwamba wengi wanaotoa maamuzi hayo hawajawahi kuketi ndani ya kabini ya lori wanalolisimamia. Wamepita njia hiyo, ndiyo, wakiwa kwenye gari dogo lenye kiyoyozi, wakielekea mkutanoni Urambo au msibani Kaliua. Lakini kuipita barabara ni jambo moja, na kuifanyia kazi ukiwa na tani 10 mgongoni na maduka 12 mbele yako ni jambo jingine kabisa.

Ninachotetea ni hiki: meneja apande lori. Aanze nalo kwenye kupakia, ashuke nalo kila duka, arudi nalo usiku. Na akipanda asijione amekwenda kumkagua dereva. Dereva anakaguliwa kila siku ya Mungu: na trafiki mwenye tochi, na mizani, na maofisa wa kodi wanaoomba risiti ya mzigo, na mwenye duka anayehesabu katoni mbele yake, na karani asubuhi. Ambayo haikaguliwi na mtu barabarani ni ofisi yenyewe, pamoja na ratiba iliyoipanga, posho iliyoikadiria, kiwango cha mafuta ilichokiweka na kanuni ya shoti iliyoiandika. Safari ya meneja ndiyo nafasi pekee ya kuyapima hayo yote kwa siku moja.

Tuanzie getini, kwa sababu ugomvi mwingi wa kazi hii huzaliwa kabla injini haijawashwa. Gari hupakiwa jioni au usiku. Wapakiaji ni vibarua wanaolipwa kwa gari au kwa tani, kwa hiyo wanakimbizana na muda. Mtunza stoo yuko mlangoni anaweka alama kwa kalamu. Dereva ametoka safari nyingine mchana huohuo na sasa yuko gereji anaziba pancha, au amelala, kama inavyompasa. Alfajiri anapewa hati ya kutoa mzigo na kuambiwa asaini. Asaini nini? Katoni za sabuni, madumu ya mafuta ya kula, viroba vya sukari, boksi za biskuti, vyote vimeshafunikwa turubai na kukazwa kamba. Akisema anataka kuhesabu, anachelewesha gari. Akisaini bila kuhesabu, amekubali deni asilolijua ukubwa wake.

Meneja akifika getini saa kumi na moja alfajiri, akiwa abiria na si bosi wa kupokelewa, sahihi hiyo ndiyo itakuwa kitu cha kwanza kumpa mawazo. Ataelewa kwamba katoni 2 zilizokosekana Urambo huenda hazikupanda gari kabisa. Katika vitabu vyake haijawahi kutokea hata siku moja shoti ikaandikwa kwa jina la kupakia.

Na hapa sheria iko wazi kuliko watu wengi wanavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya upotevu au uharibifu kwa kuwa tu hesabu imepungua. Upotevu uwe umetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi. Mwajiri aeleze kwa maandishi sababu, kiasi, na namna alivyokipata kiasi hicho. Mfanyakazi apewe nafasi ya kutosha ya kukipinga. Deni lisizidi hasara halisi. Na makato yote ya namna hiyo yasizidi robo ya malipo yake. Tuseme dereva analipwa shilingi 400,000 kwa mwezi: hata pale kosa lilipothibitika kuwa lake, makato hayo hayatakiwi kupita 100,000. Nimezungumza na madereva waliokatwa mpaka wakabaki na posho ya safari tu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuoneshwa karatasi ya maelezo. Waliambiwa kwa mdomo, dirishani, siku ya mshahara. Hilo linaniuma, kwa sababu waliokuwa nyuma ya dirisha si watu wabaya. Walikuwa wanajumlisha tu kile kilichoandikwa.

Kuna jambo jingine la getini ambalo karatasi hailioni, nalo ni mpangilio wa mzigo. Mzigo wa duka la kwanza unatakiwa ukae mlangoni, wa duka la mwisho ukae ndani kabisa. Vibarua wanaokimbiza muda hupanga kwa urahisi wa kubeba: vizito chini, vyepesi juu, kinachoanza kutoka stoo kinaanza kuingia. Gari likifika Ndono, mzigo wa Ndono uko nyuma ya mzigo wa Kaliua. Utingo anashusha nusu gari pembeni ya barabara, anatoa katoni 4, anapakia upya. Hapo ndipo chupa zinapopasuka, viroba vinapotoboka, na bega linapovimba. Mpangilio huohuo unaweza kuleta balaa kwenye mizani pia, ya kudumu au ya kuhamahama, maana sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inapima uzito wa jumla na uzito wa kila ekseli. Ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne mwisho wake ni tani 10. Gari linaweza kuwa ndani ya uzito wa jumla na bado likazidi nyuma, kwa sababu tu ya mahali viroba vya sukari vilipowekwa na mtu ambaye hatakuwepo safarini.

Twende barabarani. Katika ramani ya ofisi Kaliua ni karibu: Tabora hadi Ndono kilomita 42, Ndono hadi Urambo 52, Urambo hadi Kaliua 28, na lami ipo. Lori la zaidi ya tani 3.5 haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi 50. Ukiweka na matuta, ni kama saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Ofisi inaliona jambo hilo, inapanga maduka 12 kwa siku, na inabaki na imani kwamba ratiba inatosha.

Sasa simama na dereva duka moja tu. Gari linatafuta pa kuegesha bila kuziba njia ya bodaboda. Mwenye duka hayupo, amekwenda benki. Kijana aliyeachwa hana ruhusa ya kupokea. Anapigiwa simu. Anafika. Salamu, habari za nyumbani, maana huku huwezi kumtupia mtu ankara kabla ya salamu. Katoni zinashushwa, zinahesabiwa, moja imelowa pembeni, inajadiliwa. Ankara inasainiwa. Malipo yanafanywa kwa lipa namba, mtandao unasuasua, ujumbe wa kuthibitisha hauji, na dereva hawezi kuondoka bila ujumbe. Ukifanikiwa kumaliza kwa dakika 35, umefanya vizuri. Zidisha kwa 12: ni saa 7. Ongeza saa 4 za kuendesha, ongeza saa 2 za getini asubuhi na kukabidhi gari usiku. Umefika saa 13, na bado mtu hajala.

Sheria hiyohiyo ya 2004 inaweka saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki, na hata ukiongeza saa za ziada, siku moja haitakiwi kuvuka saa 12. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine anastahili saa 12 za kupumzika. Kwa hiyo ratiba ile iliyoonekana ya kawaida mezani ilikuwa inavunja sheria tangu ilipochapishwa, na aliyetakiwa kufidia ni mguu wa dereva kwenye pedeli ya mafuta wakati wa kurudi, gizani, kati ya Urambo na Tabora, ng'ombe wakivuka. Ajali ikitokea, taarifa ya polisi itasema mwendokasi. Itakuwa imesema kweli, na ratiba itabaki ilivyo.

Nataka kukaa kidogo kwenye suala la fedha, kwa kuwa ndilo lenye sumu kuliko yote, na ndilo ambalo meneja akiliona kwa macho yake anaweza kulitibu siku ileile.

Maduka ya Urambo, Kaliua, Usinge na Ulyankulu yanaishi kwa kalenda ya tumbaku. Mkulima anachukua pembejeo kwa mkopo kupitia chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS), analima, anakausha, na fedha anaiona masoko yakifunguliwa, kwa kawaida kuanzia Aprili au Mei. Kabla ya hapo, kuanzia Desemba mpaka Machi, mifuko ni mitupu, na mvua ndiyo inanyesha. Watu hawaachi kula wala kufua nguo miezi hiyo. Wanakopa dukani. Mwenye duka naye anataka kukopa kwa muuzaji wa jumla: achukue mzigo kwa mali kauli, alipe ukiuzika. Biashara ya eneo hili imeendeshwa hivyo miaka mingi, kwa kujuana na kwa majina.

Lakini sera ya kampuni, iliyoandikwa Dar es Salaam au Mwanza, inasema fedha kwanza mzigo baadaye. Basi Februari gari linafika kwa mama mmoja mtu mzima mwenye duka kubwa Kaliua. Ameagiza katoni 10, ana fedha za katoni 6.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Niachie zote kumi. Jumamosi ukipita nakumalizia."

"Mama, hizo nne nikiziacha zinahesabiwa kwangu mimi."

"Kwani wewe hunijui?"

Anamjua vizuri sana. Amempelekea mzigo kwa muda mrefu na hajawahi kumdhulumu. Akiziacha, kesho asubuhi zitasomeka kuwa shoti yake. Akizirudisha, itasomeka kwamba ameshindwa kuuza, na lengo la mwezi halijafikiwa, na mama atanunua kwa mshindani atakayekuja kesho. Ofisi imemkabidhi dereva kazi ya benki bila kumpa mtaji, bila kumpa mamlaka, na kwa hatari ya mshahara wake mwenyewe. Wengine wanaamua kuziacha, wanabeba deni kimyakimya, wanafidia la Kaliua kwa fedha ya Urambo na la Urambo kwa fedha ya Ndono, mpaka siku mzunguko unakatika na mtu anaitwa mwizi.

Meneja aliyeketi kwenye kabini anasikia mazungumzo hayo kwa masikio yake. Na yeye, tofauti na dereva, ana kalamu. Anaweza kusema palepale: mama huyu apewe ukomo wa mkopo wa kiasi fulani, kwa jina la kampuni, kwa maandishi, alipe ndani ya siku kadhaa. Deni linahama kutoka mfukoni mwa dereva kwenda kwenye daftari la wadaiwa, mahali ambapo lilitakiwa kuwa tangu mwanzo. Sera nzima haikuvunjwa. Imeongezewa ukurasa mmoja unaoujua mwezi wa Februari. Hakuna mfumo wa kompyuta ambao ungemwambia meneja jambo hilo, kwa sababu mfumo unapokea katoni 6 na kufurahi kwamba zimelipiwa.

Nitajibiwa kwamba siku hizi magari yana vifaa vya kufuatilia mwendo, kwa hiyo hakuna haja ya mtu kuumia mgongo. Vifaa hivyo ni vizuri na vinaokoa maisha pale vinapotumika kudhibiti mwendo. Vinaonesha gari lilisimama Usoke dakika 47. Lakini sababu ya kusimama havioneshi, na mtu wa ofisini akikosa sababu huijaza mwenyewe, na mara nyingi huijaza kwa shaka. Kadiri ramani ya kwenye kompyuta inavyozidi kuwa na rangi nzuri, ndivyo maswali ya simu yanavyoongezeka: "Mbona umesimama?" Dereva anapokea simu hiyo akiwa amebeba katoni, au akiwa usukani, jambo ambalo ni hatari zaidi ya kusimama kwenyewe.

Nitajibiwa pia kwamba madereva wanaiba. Wizi upo. Mafuta yananyonywa kwenye tangi, mzigo unauzwa njiani, abiria wanapakiwa juu ya turubai. Sisemi tuufumbie macho. Lakini chukua mfano wa mzigo wa kurudia. Gari limeshusha kila kitu Kaliua, linarudi tupu kilomita 122 kwa mafuta yaliyokwisha kulipiwa. Njiani kuna mpunga, kuna madumu ya asali, kuna watu wanatafuta usafiri wa kuyafikisha Tabora. Dereva anabeba, anapata chake, ofisi haijui. Tatizo likitokea, tuseme kabeba mkaa usio na kibali na gari limekamatwa, kampuni inaingia hasara kubwa. Njia ya kwanza ni kumfukuza na kuajiri mwingine ambaye baada ya muda atafanya vilevile. Njia ya pili ni meneja aliyeiona ile nafasi tupu nyuma ya gari akubaliane na wafanyabiashara wawili au watatu, mzigo uwe halali, wenye karatasi na stakabadhi, na dereva apate asilimia yake inayojulikana. Njia ya pili inaleta fedha kwa kampuni. Inahitaji tu mtu wa ofisini awe amesafiri ndani ya gari tupu.

Sasa, kupanda lori kunaweza kufanywa vibaya, na kukifanywa vibaya ni heri kusifanyike.

Ubaya wa kwanza ni wa kiti. Kabini ya lori nyingi za usambazaji ina nafasi ya watu watatu kwa kubanana, na mara nyingi kiti cha katikati ni cha kubanana hasa, chenye gia kati ya magoti. Meneja anapopanda, mara nyingi na ofisa mauzo wake, anayeondolewa ni utingo. Anapanda juu ya mzigo. Yaani siku ambayo uongozi umekuja kujifunza kazi ndiyo siku ambayo mtu mwenye mshahara mdogo kuliko wote anasafiri juu ya turubai, kinyume cha usalama wowote, ili bosi aone. Meneja mwenye nia njema aende peke yake na utingo aketi ndani. Ikiwa nafasi haitoshi, kuna siku nyingine.

Ubaya wa pili ni wa kujionesha. Dereva akijua bosi yumo, ataendesha kwa kilomita 60, hataruka chakula cha mchana, kila duka litapigiwa simu tangu jana yake, na hata trafiki wataonekana wapole. Meneja atarudi akisema kumbe hakuna tatizo. Ndiyo maana safari moja haitoshi, na safari ya Julai, barabara kavu na fedha za tumbaku mikononi, haisemi lolote kuhusu Februari kwenye udongo mweusi wa mbuga kuelekea vijijini. Taiichi Ohno, aliyejenga mfumo wa uzalishaji wa Toyota huko Japani, alijulikana kwa kuchora duara kwa chaki sakafuni mwa kiwanda na kumsimamisha mhandisi ndani yake aangalie kazi kwa saa nyingi kabla ya kusema lolote. Ukimya wa namna hiyo ndio unaohitajika kwenye kabini. Saa tatu za mwanzo dereva atakuwa anazungumza na meneja. Baadaye anachoka kuigiza, anaanza kuzungumza na utingo, na hapo ndipo mambo yanaposikika.

Ubaya wa tatu ni mkubwa kuliko hiyo miwili: kutumia kilichosikika kuwa ushahidi. Dereva akisema, kwa kuzoea, kwamba zile katoni za mwezi jana alimwachia mtu kwa mkopo, na wiki inayofuata akapewa barua ya onyo, hakuna dereva mwingine wa kampuni hiyo atakayefungua mdomo tena. Meneja aseme mapema, kabla gari halijatoka, kwamba hakuna kitakachosikika safarini kitakachomrudia mtu kama adhabu. Ninaweka mpaka mmoja tu: ulevi na usingizi. Akiona dereva amelewa au anasinzia, gari lisimame hapohapo, na kama ni usingizi, ajiulize kwanza nani alipanga ratiba.

Watu wa Unyamwezi hawakuhitaji kufundishwa hili na mtu. Karne ya 19, misafara ya biashara iliyokwenda kati ya pwani na Ujiji kupitia Tabora ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mtu na mzigo wa kilo 30 hivi au zaidi. Mbele yao alitembea kirangozi. Alijua njia, alijua maji yaliko, na alibeba mzigo wake naye, ingawa mara nyingi ulikuwa mwepesi kuliko wa wengine. Amri ya kuondoka kambini au ya kupumzika ilitoka kwa mtu ambaye jua lilikuwa limempiga njia ileile. Sisemi misafara ile ilikuwa ya haki. Wapagazi waliugua, walitoroka, waligoma kwa ajili ya posho, na pamoja na pembe za ndovu barabara ile ilipitisha pia watumwa. Ninasema tu kwamba anayeamua mwendo alikuwa anatembea.

Na baadaye nchi nzima iliwahi kulijadili suala la meneja na mfanyakazi waziwazi. Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati huo, wa 1971, kifungu cha 15, ulikataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu kwa watu. Wafanyakazi wa viwandani walikishika kifungu hicho wakawauliza mameneja maswali ambayo hawakuwa wamezoea kuulizwa, na migomo ikafuata. Miaka mingi baadaye, Aprili na Mei 2015, madereva wa mabasi na malori waligoma nchini, na moja ya madai yao makubwa lilikuwa mkataba wa ajira ulioandikwa. Ni dai dogo sana kwa mtu anayekabidhiwa gari na mzigo wa mamilioni kila alfajiri. Mpaka leo wapo wanaoendesha bila mkataba, na kwao kifungu cha 28 nilichokieleza hapo juu ni maneno ya mbali.

Kwa hiyo madereva nao wana la kufanya, wasisubiri hisani ya meneja kupanda. Usipopewa nafasi ya kuhesabu mzigo, andika kando ya sahihi yako kwamba umepokea bila kuhesabu. Piga picha mzigo kabla ya turubai. Weka daftari lako la saa: ulifika duka saa ngapi, uliondoka saa ngapi, sababu gani. Ukikatwa, omba maelezo kwa maandishi. Mgogoro wa makato unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na wa kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Meneja atakayepanda akakuta dereva ana daftari la namna hiyo amepata utafiti wa mwaka mzima bila gharama.

Mzigo unaoingia mkoa huu hautapungua. Mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na kipande cha kutoka Makutupora kinakuja Tabora. Treni itashusha bidhaa stesheni kwa wingi kuliko sasa. Kutoka stesheni hadi duka la Usinge bado litakuwa lori, dereva, utingo na karatasi zilezile. Wamiliki wanaopanga sasa kununua magari zaidi wangefanya vema kujua kwanza magari waliyonayo yanapoteza nini na wapi.

Kipimo changu cha safari ya meneja ni kimoja. Ndani ya wiki mbili baada ya kurudi, kanuni ipi ya ofisi imebadilika? Ukomo wa mkopo umeandikwa? Kupakia kumehamishiwa muda ambao dereva yupo? Maduka yamepunguzwa kutoka 12 kuwa 8, au ruti imegawanywa siku mbili na posho ya kulala ikawekwa? Iwapo hakuna hata moja, na badala yake dereva amepewa orodha ya mambo ya kurekebisha, basi safari hiyo ilikuwa ukaguzi mwingine tu, na ukaguzi tunao wa kutosha.

Asisubiri masoko ya tumbaku yafunguliwe. Apande Januari au Februari, mvua ikinyesha na mikopo ikiwa juu. Aanze na ruti yenye shoti nyingi kuliko zote vitabuni, na dereva awe yuleyule ambaye karani anamlalamikia zaidi.